Uzi maalumu: Vikaragosi wa Sesame Street na haki ya mtoto ya kuuliza

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka kumi na mitatu, na muda wote huo nimekuwa nikikitazama kipindi cha Sesame Street kwa jicho la mtu anayetafuta msaada wa kazi yake. Humu jukwaani nimeona mara nyingi kikitajwa kama "katuni za Wamarekani za kufundisha ABC". Wahusika wake si katuni. Ni vikaragosi, yaani viumbe vya sponji na kitambaa vinavyochezeshwa kwa mikono ya watu mbele ya kamera. Wala herufi na namba si kazi yao kubwa, ingawa ndizo zilizowapa umaarufu. Ninachotaka kukitetea katika uzi huu ni kwamba nguvu ya vikaragosi hawa ilitokana na uamuzi wa kuwafanya wawe watoto wasiojua, wanaouliza bila kuona haya, na kuwaweka kati ya watu wazima ambao hawakuruhusiwa kukwepa swali.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe, kwa kuwa huwa tunalichanganya. Wapo wanaowaita wanasesere, lakini mwanasesere hubebwa, hulazwa na kuvalishwa na mtoto, na mtoto huyo ndiye anayemsemea. Kikaragosi ana mchezeshaji wake, ana sauti yake, na anaweza kumjibu mtoto jambo ambalo mtoto hakulitarajia. Jina hilo ni ndugu wa Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na wa Aragoz wa Misri, na hao wote walipewa ulimi mkali ili waseme mbele ya hadhara yale ambayo watu wa heshima waliyasemea pembeni. Kwa hiyo mila ya kikaragosi kusema lisilosemeka ni kongwe kuliko televisheni.

Sesame Street ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Wazo lilizaliwa mwaka 1966 katika mazungumzo ya mezani kati ya Joan Ganz Cooney, aliyekuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni mjini New York, na Lloyd Morrisett wa taasisi ya Carnegie, ambaye alishangazwa na binti yake mdogo aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kukodolea macho runinga kabla matangazo hayajaanza. Swali lao lilikuwa la watu makini: ikiwa mtoto wa miaka mitatu anaikodolea runinga isiyo na kitu, je, haiwezekani kumwekea humo kitu cha maana, hasa mtoto wa familia maskini ambaye hana shule ya awali? Zilipatikana takriban dola milioni 8 kutoka serikalini, taasisi za Carnegie na Ford, na kwingineko. Mwanasaikolojia Gerald Lesser wa Harvard akaendesha semina za kupanga nini kifundishwe, na Jim Henson, fundi wa vikaragosi aliyekuwa amemshona Kermit wa kwanza, kikaragosi wake maarufu kuliko wote, mwaka 1955 kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake, akaombwa ajiunge.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Wataalamu walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi wasichanganywe na watu halisi, kwa hofu kwamba mtoto atashindwa kutofautisha kweli na kubuni. Basi vikaragosi wakawekwa kwenye vipande vyao, na watu wakabaki peke yao kwenye mtaa wa kuigiza uliokipa kipindi jina lake. Mwezi Julai 1969 vipindi vya majaribio vikaonyeshwa kwa watoto wadogo huko Philadelphia. Watafiti wakiongozwa na Edward Palmer walikuwa na mbinu nyepesi ya kupima usikivu: kando ya runinga waliweka skrini nyingine yenye picha zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, kisha wakahesabu mtoto anageuza macho lini. Vikaragosi walipokuwa wakionekana, macho hayakubanduka. Kila waliporudi wale watu wazima wa mtaani kuzungumza peke yao, watoto waligeuka, wakaanza kuchezea viatu na kuchokozana.

Miezi michache tu kabla ya kipindi kwenda hewani, watayarishaji waliuacha ushauri wa wataalamu na kuwasikiliza watoto. Henson akatengeneza vikaragosi wawili wa kuishi mtaani pamoja na watu. Mmoja alikuwa Oscar, anayekaa ndani ya pipa la taka na kuchukia kila kinachowafurahisha wengine, ambaye katika msimu wa kwanza alikuwa na rangi ya chungwa kabla ya kugeuka kijani. Wa pili alikuwa Big Bird.

Mniwie radhi nikikaa kwa ndege huyu muda mrefu, kwa sababu ndiye anayebeba hoja yangu yote. Ana urefu wa takriban mita mbili na nusu na manyoya ya njano ya bata mzinga, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliyekuwa ndani yake hasa ni mtu mmoja, Caroll Spinney. Mchezeshaji huyo alisimama akiwa ameinua mkono wake wa kulia juu ya kichwa, na mkono huo ndio uliokuwa shingo na kichwa cha ndege: vidole vilifungua na kufumba mdomo, na kidole cha mwisho kikavuta kope. Mkono wa kushoto uliingia katika bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mtu ndani. Liliunganishwa na la kushoto kwa uzi wa mshipi, ule wa kuvulia samaki, uliopita chini ya shingo, kiasi kwamba bawa moja likishuka jingine linapanda. Kuona nje hakuwezekani, hivyo Spinney alijifunga kifuani runinga ndogo iliyomwonyesha kile kamera inachokiona, na alitembea, alicheza ngoma na hata kuteleza kwenye barafu akiongozwa na picha hiyo tu.

Lakini ufundi huo ungekuwa bure bila uamuzi mwingine. Mwanzoni Big Bird aliandikwa kama zuzu, jitu la shamba linalojigonga milangoni ili watu wacheke. Ni Spinney mwenyewe aliyependekeza kwamba ndege huyu asiwe mjinga, awe mtoto. Akapewa umri wa mtoto mdogo, na hatimaye miaka 6 ikawa ndiyo miaka yake ya kudumu. Tazameni tofauti ilivyo kubwa: mjinga asiyejua huchekwa, lakini mtoto asiyejua hufundishwa. Mtoto aliyeketi sebuleni akamwona kiumbe mkubwa kuliko baba yake, asiyejua alfabeti ni nini, na ambaye hakuna mtu mtaani aliyemdhihaki kwa hilo.

Uamuzi huo ulipata mtihani wake mwezi Desemba 1982, alipofariki Will Lee, mwigizaji mzee aliyekuwa Bwana Hooper mwenye duka la mtaa. Watayarishaji wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine au kusema kwamba mzee amehamia mbali. Waliamua kwamba Bwana Hooper naye amekufa, na kwamba watoto wataambiwa hivyo hivyo. Waliwaita wataalamu wa saikolojia ya watoto na kupima kila neno. Hawakutaja ugonjwa wala hospitali, kwa sababu mtoto aliyewahi kulazwa angeogopa. Hawakusema kwamba amelala, kwa sababu mtoto angeogopa kulala.

Katika kipindi hicho, kilichoonyeshwa Novemba 1983, Big Bird anakuja na michoro aliyowachorea watu wazima wote, ambayo kwa kweli ilichorwa na Spinney mwenyewe kwa mkono wake. Anaigawa mmoja mmoja, kisha anabaki na wa Bwana Hooper na kusema atampelekea akirudi. Wanamweleza kwamba mtu akifa harudi. Anauliza kwa nini. Nani atamtengenezea chakula chake? Kwa nini mambo yawe hivi? Watu wazima wale, ambao machozi yao hayakuwa ya kuigiza kwa kuwa walikuwa wamempoteza mwenzao wa kweli, hawakumwambia "nyamaza, utaelewa ukikua". Gordon, mmoja wa watu wazima wa mtaani, anamjibu kwamba imekuwa hivyo kwa sababu imekuwa hivyo tu. Ni jibu fupi na halina hekima kubwa ndani yake, ila halina uongo. Kwa miaka yote Big Bird alikuwa akikosea jina la mzee huyo, na mzee akimrekebisha. Safari hii analikosea tena, na wale waliobaki ndio wanaomrekebisha.

Mimi nilifiwa na baba nikiwa na miaka saba. Niliambiwa amesafiri. Nilimngoja hadi nilipofika darasa la nne. Siwalaumu walionilea, kwa sababu walifanya kile walichokiona kuwa ni huruma, lakini nilipoitazama michoro ile nikiwa mtu mzima, nililia kwa ajili ya yule mtoto aliyekuwa akikaa kizingitini kila jioni.

Niongeze jambo moja kabla sijawapisha. Kuanzia mwaka 1971 Big Bird alikuwa na rafiki aitwaye Snuffleupagus, kiumbe kama tembo mwenye manyoya marefu ya kahawia, anayechezeshwa na watu wawili ndani yake. Kila watu wazima walipokaribia, Snuffleupagus alikuwa ameshaondoka, hivyo hakuna aliyeamini kwamba yupo. Ilikuwa mzaha mzuri kwa miaka 14. Kisha watayarishaji wakashtuka kutokana na taarifa za watoto waliokuwa wakitendewa ukatili na watu wazima. Wakajiuliza: tunamfundisha nini mtoto ambaye kila siku anamwona Big Bird akisema kweli na asiaminiwe? Mwaka 1985 wakawakutanisha watu wazima na Snuffleupagus uso kwa uso, nao wakamwomba Big Bird radhi. Wangeweza kuushikilia mzaha wao. Waliuacha, kwa ajili ya mtoto mmoja asiyejulikana ambaye huenda ana jambo la kusema na anaogopa kuitwa mwongo.

Karibuni kwa michango.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwalimu, ahsante sana kwa darasa hili, na pole kwa hayo ya marehemu baba yako.

Mimi nimekulia Maskati, katika nyumba ambayo Kiswahili kilisemwa ndani na Kiarabu kilisemwa mlangoni. Sisi hatukumjua Big Bird. Tulikuwa na Iftah Ya Simsim, toleo la Kiarabu la kipindi hicho, iliyotengenezwa Kuwait na kuanza kuonyeshwa mwaka 1979 kwa ajili ya nchi za Ghuba na Waarabu wengine. Mtaani kwao alikuwepo Nu'man, mkubwa wa mwili na mtoto wa akili, na kasuku aitwaye Malsun ambaye kazi yake ilikuwa kubisha. Walizungumza Kiarabu fasaha, si kile cha sokoni, na matokeo yake mimi na kaka zangu tulikuwa tukienda dukani na kumwomba muuzaji mkate kwa lugha ya vitabuni. Bibi yetu, ambaye alizaliwa Unguja na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha salamu, aliketi nasi akitazama, na sisi tukimfasiria.

Jambo linalonikaa moyoni ni kwamba bibi alikuwa akimwuliza Nu'man maswali kwa Kiswahili, akiielekea runinga, kana kwamba Nu'man angemsikia. Je, aliwahi kuwepo kikaragosi wa ukoo huu aliyezungumza lugha ya bibi yangu?

#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Maskati, umenifurahisha kwa kumleta bibi hapa jamvini. Jibu ni ndiyo, aliwahi kuwepo, na ni masikitiko yangu kwamba wengi wetu hatukumbuki.

Mwishoni mwa muongo wa 2000, Tanzania ilikuwa na Kilimani Sesame, iliyoandaliwa kwa Kiswahili na kuwafikia watoto kwa televisheni, redio na vitabu. Pamoja na kusoma na kuhesabu, ilibeba mambo ya malaria, usafi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwagusa watoto wa huku. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Borzekowski na Macha uliowafuatilia watoto 223 wa Dar es Salaam na wilaya ya Kisarawe kwa wiki sita. Waliozipokea zaidi habari za kipindi hicho waliendelea vizuri zaidi katika herufi, namba, mahusiano na wenzao, na ujuzi kuhusu malaria na UKIMWI. Kisarawe si mji mkubwa wenye runinga kila nyumba, na ndiyo maana nauthamini utafiti huo.

Lakini siwezi kuzungumzia Afrika bila kumtaja Kami. Afrika Kusini ilikuwa na Takalani Sesame tangu mwaka 2000, na jina Takalani ni neno la Kivenda lenye maana ya "furahini". Mwaka 2002 kipindi hicho kilimleta Kami, binti wa miaka 5 mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, yatima aliyefiwa na mama yake, na anayeishi na virusi vya UKIMWI. Jina lake limetokana na neno la Kitswana la kumpokea mtu. Kumbukeni hali ilivyokuwa wakati ule: dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia wengi, watoto waliozaliwa na virusi walikuwa wakikataliwa shuleni, na katika familia nyingi jina la ugonjwa halikutajwa hata msibani. Huko Marekani baadhi ya wabunge walikuja juu wakihofia kwamba kikaragosi huyo ataletwa kwa watoto wao.

Kami hakuhubiri. Wenzake walipoogopa kucheza naye, alihuzunika kama ambavyo mtoto yeyote angehuzunika. Alizungumza kuhusu mama yake. Alieleza kwamba kumshika mkono hakumwambukizi mtu. Mtoto aliyekuwa na siri kama yake nyumbani alimwona mtu wa kwanza anayefanana naye na ambaye hakufichwa. Mnamo mwaka 2003 UNICEF ilimteua kuwa mtetezi wa watoto. Hapo tena ni kanuni ile ile: kikaragosi alisema jambo ambalo watu wazima walikuwa wakilisemea jikoni kwa kunong'ona.

#4 – Mchangiaji

Mkuu, nimesoma yote na nakiri umeandika kwa moyo. Hata hivyo nina mashaka mawili, na nakuomba usiyachukue kama uadui.

Unasema mpango ulikuwa kwa ajili ya mtoto maskini. Je, si kweli kwamba mtoto wa mwenye nacho, ambaye mama yake anaketi naye na kumwuliza maswali, ndiye anayefaidika zaidi, na pengo linaongezeka? Pia nimesikia kwamba kipindi hicho kiliuzwa kwa kituo cha kulipia. Nina wanangu watatu na kipato changu ni cha bodaboda. Nisingependa kusifiwa kitu ambacho kimewekwa nyuma ya mlango wenye kufuli.

#5 – Mleta uzi

Ndugu, mashaka yako ni ya haki, na la kwanza limewahi kushughulikiwa na wasomi wakubwa. Tathmini za mwanzo za mwaka 1970 na 1971, zilizofanywa na Ball na Bogatz, zilionyesha kwamba watoto waliotazama zaidi ndio waliojifunza zaidi, wawe wa tabaka lolote. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake wakazipitia upya takwimu hizo na kusema kama unavyosema wewe: sehemu ya mafanikio ilitokana na watu waliotembelea familia na kuwahimiza watoto watazame, na pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho lingeweza kupanuka. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Mtu mzima anayeketi pembeni anaongeza thamani, hilo naliona kila siku darasani.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulikuja baadaye sana, na ulitegemea milingoti ya kurushia matangazo. Mwaka 1969 katika miji mingine ya Marekani Sesame Street ilirushwa kwa masafa ambayo runinga nyingi za wakati ule ziliyanasa kwa shida au hazikuyanasa kabisa, hivyo takriban theluthi moja ya watu hawakuweza kuiona. Mtoto hakuchagua kukosa; ilitegemea tu anakaa wapi. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine wakayatumia maeneo hayo kama mizani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019 wakaonyesha kwamba watoto waliokulia mahali ambapo mawimbi yalikuwa mazuri walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kubaki nyuma ya darasa la umri wao. Waliofaidika hasa walikuwa wavulana, watoto weusi, na watoto wa maeneo yenye shida za kiuchumi. Kwa hiyo yule aliyelengwa alifikiwa, ingawa si kwa kila jambo wala kwa maisha yake yote.

Kuhusu kufuli, una haki ya kuumia, nami niliumia. Kuanzia Januari 2016 vipindi vipya vilitangulia kuonyeshwa HBO, kituo cha kulipia, na televisheni ya umma ikavipata miezi tisa baadaye. Sababu ilikuwa fedha, maana mauzo ya DVD yaliyokuwa yakisaidia kukiendesha kipindi yalikuwa yameporomoka. Bado naona ulikuwa uamuzi mchungu kwa kitu kilichoanzishwa kwa ajili ya asiye nacho. Mwaka 2025 yalifanyika makubaliano mapya ambapo vipindi vipya vinatoka Netflix na kwenye televisheni ya umma ya Marekani siku moja, na hilo limerudisha sehemu ya heshima.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, nitaje pia kikaragosi aliyeondolewa, nisije nikaonekana nimekuja kusifu tu. Kati ya mwaka 1970 na 1975 alikuwepo Roosevelt Franklin, mvulana wa rangi ya zambarau mwenye nywele nyeusi zilizosimama, ambaye alibuniwa na kupewa sauti na Matt Robinson, mwigizaji mweusi aliyekuwa pia Gordon wa kwanza. Robinson alitaka mtoto mweusi wa Marekani amsikie mtu anayezungumza kama wanavyozungumza nyumbani kwao, mwenye majivuno mema na mwenye darasa lake mwenyewe la kufundisha wenzake. Wazazi wengi, wakiwemo weusi, walilalamika kwamba lugha ile na kelele za darasa lile zinawadhalilisha watoto wao mbele ya wazungu. Kipindi kikamwondoa. Mimi bado sijaridhika na uamuzi huo. Lugha ya nyumbani ya mtoto haikuwa aibu, na Robinson alilijua hilo mapema. Lakini naelewa hofu ya mzazi aliyeishi katika nchi ambayo mwaka 1970 huo huo tume ya televisheni ya jimbo la Mississippi ilikataa kuionyesha Sesame Street kwa sababu weusi na weupe walikaa mtaa mmoja, hadi aibu ilipoilazimisha kubadili msimamo baada ya siku 22. Mzazi kama huyo hakutaka kuwapa maadui zake kisingizio hata kidogo.

#6 – Mchangiaji

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na amegunduliwa kuwa na usonji (autism). Nimesikia kwamba yupo kikaragosi wa aina hiyo. Je, wamemwonyesha kwa heshima? Pia, sina uwezo wa kununua vikaragosi. Ungenishauri nianzie wapi hapa nyumbani?

#7 – Mleta uzi

Marahaba, mama, na ahsante kwa kuuliza.

Anaitwa Julia, na aliingia kwenye runinga mwezi Aprili 2017. Anapenda kuchora. Siku ya kwanza Big Bird anamsalimu, naye hamjibu, na Big Bird anadhani kwamba hapendwi. Wenzake wanamweleza kwamba Julia anachelewa kujibu na ana njia yake ya kuwa rafiki, kisha michezo inaendelea. Baadaye king'ora kinalia na Julia anaziba masikio kwa sababu sauti hiyo inamzidi nguvu. Wanamsaidia kutulia, hakuna anayemshangaa. Kikaragosi chake kimetengenezewa seti mbili za mikono, moja ikiwa ya kuupigapiga upepo anapofadhaika. Anayemchezesha, Stacey Gordon, ni mama mwenye mtoto wa kiume mwenye usonji, kwa hiyo mtikisiko ule wa mikono hakuubuni studio. Kwa hayo naweza kukujibu kwamba, ndiyo, wamemwonyesha kwa heshima, kwa sababu hawakumfanya mtoto wa kuhurumiwa na hawakumponya mwishoni mwa kipindi.

Kuhusu nyumbani, anza na soksi moja safi isiyo na mwenzake. Ingiza mkono, weka dole gumba chini na vidole vinne juu, na utapata mdomo. Macho ndiyo yenye siri. Don Sahlin, fundi aliyemjengea Henson vikaragosi wake wengi, alikuwa na kanuni ya kuyaweka macho karibu na pua na mdomo ili vitu hivyo viunde pembe tatu, na mboni zielekee ndani kidogo, ndipo kikaragosi huonekana anakutazama wewe na si ukuta. Tumia vifungo viwili vya shati. Vishikize kwanza kwa pini, mwelekeze kwa mtoto, sogeza hadi uone amekutazama, kisha shona. Unapozungumza, fungua mdomo kwa kushusha dole gumba, usiinue vidole vya juu, la sivyo kikaragosi atatazama darini kila anaposema neno.

Usijifiche nyuma ya kiti. Hata studioni New York, watoto wanaoalikwa wanamwona mchezeshaji amelala chini miguuni mwao na bado wanamsemesha kikaragosi. Darasani kwangu alikuwepo binti ambaye kwa muhula mzima hakunijibu neno. Siku niliyovaa soksi na kumfanya huyo wa soksi aniulize mimi, si yule binti, kwa nini mvua inanyesha, nikajibu kwamba sijui vizuri, binti yule akasogea, akaushika mkono wangu wa kushoto akauweka kando ili usimsumbue, akaiinamia soksi na kuieleza habari za mawingu kwa sauti ambayo sote tuliisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa mwanao, mama, usianze na maswali. Mwache huyo wa soksi akae naye tu kwanza, achore anachochora yeye, kwa siku nyingi kadiri atakavyotaka. Kama sauti zinamsumbua, kikaragosi asiwe na sauti kabisa; atikise kichwa, inatosha. Na akiivua soksi mkononi mwako na kuivaa yeye, mpe.